Deni la Mbungo

Methali zetu hazikubaliani juu ya kutegemea. Moja yasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nyingine yasema mtegemea nundu haachi kunona. Nimezisikia zote mbili siku moja kutoka kwa mtu mmoja: asubuhi akimkaripia kijana asiyetaka kwenda kutafuta kibarua, jioni akimsifu mwingine aliyeoa kwenye nyumba yenye mali. Tumezoea kuziita methali hekima ya wahenga, kana kwamba wahenga walikaa kikao wakazipitisha kwa kura. Mimi naona walikuwa wakibishana, na ubishi wenyewe wametuachia sisi.

Nitauingia ubishi huo kwa njia ya mmea, kwa sababu mmea ndio ulionifanya nifikiri.

Mjomba wangu ana shamba nje kidogo ya Kombani, si mbali na barabara inayopanda kwenda Kwale mjini. Sehemu kubwa ni minazi, mihogo, na mikorosho michache iliyozeeka. Lakini kwenye pembe ya chini, penye kijito kinachojaa wakati wa masika na kukauka baadaye, pamebaki kichaka cha msitu wa zamani. Hapo pana mbambakofi mkubwa, na juu yake umepanda mbungo. Shina la mbungo huo ni nene kama paja la mtu mzima. Limejipindapinda hewani, halikugusa mti mpaka juu kabisa, kisha likaingia matawini na kutandaza majani yake pale penye jua. Mwaka jana alikuja mnunuzi wa mbao. Akauzunguka mti, akaugonga kwa bapa la panga, akatazama juu, akasema, "Mzee, mti wako wanyonywa huu. Kata hilo joka kwanza, mti ushushe pumzi."

Mjomba alicheka. Mimi neno lile lilinikaa kooni. Juma moja kabla ya hapo, katika kikao cha ukoo, neno hilohilo lilitumiwa juu ya mtu: binamu yangu, binti wa mjomba huyuhuyu, aliyerudi kwa babake na watoto watatu baada ya ndoa kuvunjika. Alikuwa akifua nguo katika hoteli moja ya ufuoni mpaka mwaka 2020 watalii walipokatika. Tangu hapo anakaanga mihogo na viazi kando ya barabara, na hakitoshi. Karo ya watoto tunachanga sisi. Dada yangu, ambaye hana ulimi wa kujificha, alisema mbele ya wote, "Huyu ni kirukia. Anatunyonya."

Basi nataka tuutendee haki mmea kabla ya kumtendea haki mtu.

Kirukia tunakijua. Ndege hula tunda lake, mbegu yenye utelezi ikanata kwenye tawi la mkorosho au mchungwa, ikaota papo hapo. Hakina haja na udongo. Mzizi wake hupenya ndani ya tawi na kunywa maji ya mti pamoja na chumvichumvi zilizomo. Hicho ndicho kunyonya, kwa maana kamili ya neno. Kuna na wale wa jamii ya mikuyu ambao huanza maisha juu ya mti mwingine, huteremsha mizizi mpaka chini, huuzungushia mti mwenyeji mpaka mwenyeji akafa ndani, na mkuyu ukabaki umesimama na uwazi katikati ambapo palikuwa na mwenzake. Hao tuwaite wanyongaji.

Mbungo si mmoja wa hao. Mizizi yake iko ardhini, yake mwenyewe, na maji huvuta yake mwenyewe. Chakula hupika kwa majani yake mwenyewe. Haukuingiza chochote ndani ya mbambakofi. Kitu kimoja tu haukujishughulisha nacho: kujenga mwili wa kusimamia. Mti hutumia miaka kwa makumi kuongeza mbao juu ya mbao ili uweze kufika juu bila kuanguka. Mbungo, na mabugu yote ya msituni, hufika juu kwa shina jembamba lenye mishipa mipana ya maji, kwa sababu kazi ya kusimama imeshafanywa na mwingine. Charles Darwin, aliyechapisha utafiti wake juu ya mimea ya kupanda mwaka 1865, aliiona siri hiyo: hufika kwenye mwanga kwa gharama ndogo ajabu.

Kwa hivyo mbungo hauchukui chakula. Unachukua msimamo. Ukiniuliza, nusu ya matusi tunayowatukana wategemezi yanatokana na kuchanganya vitu hivi viwili.

Lakini hapa pana mtego, na wapenda misitu wengi hutumbukia humo. Wakishagundua kuwa bugu si mnyonyaji, basi hulisifu, wakasema linashirikiana na mti, kwamba wote ni ndugu. Si kweli. Mti unalipa. Majani ya bugu hukaa juu ya majani ya mti na kuyazibia jua. Uzito wake huvunja matawi. Mizizi yake hugombania maji yaleyale. Na mti ukianguka, kamba zile huburuta na majirani. Nchini Panama, katika msitu wa karibu na ule Mfereji, watafiti walikata mabugu yote katika vipande kadhaa vya msitu na kuyaacha katika vingine, wakapima mwaka hadi mwaka. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba penye mabugu, kaboni ambayo msitu hujiongezea kila mwaka ilipungua kwa takriban asilimia 76. Hizo ni zaidi ya robo tatu. Mnunuzi wa mbao wa Kombani hakusoma karatasi hizo, lakini jicho lake halikumdanganya.

Kingine ambacho wasifuji hawakitaji: mti ukianguka, bugu mara nyingi halifi. Hulala chini na mti, likachipua mizizi mipya pale lilipogusa udongo, likaanza kupanda tena kwa jirani. Aliyebebwa anaishi, mbebaji ndiye anayeoza. Katika hesabu ya haki baina ya wawili hao, sioni namna ya kuutetea mbungo.

Ila hesabu yenyewe si ya wawili.

Ukikaa chini ya mti ule wa mjomba msimu wa mabungo, utaona. Watoto wa mtaa mzima hufika na fito. Bungo likiiva huwa na ganda la rangi ya machungwa, ukilipasua unakuta kokwa zilizovikwa nyama laini, chachu mpaka unafumba jicho. Unguja na Pemba wanatengeneza juisi yake, na mgeni akiionja mara moja huiulizia kila akirudi. Mbungo ukichanua maua yake meupe huleta nyuki, na harufu yake unaipata kabla hujaufikia mti. Kwa hiyo mbambakofi umebeba kitu kinachowalisha watoto wa watu, nyuki na ndege, na hakuna hata mmoja wao anayerudisha chochote kwa mbambakofi.

Mfano mkubwa zaidi uko Diani, kilomita chache kusini. Mbega wa pwani, yule mweusi mwenye nywele ndefu nyeupe mabegani, ambaye kwa Kidigo ni kuluzu, ni mnyama wa juu. Chini hushuka kwa shida. Barabara zake ni matawi yanayokutana, na pale matawi yasipokutana, ni mabugu yanayounganisha mti na mti. Msitu wa Diani ulipokatwakatwa kuwa viwanja vya hoteli na nyumba, na lami ikapita katikati, barabara za juu zilikatika. Mbega wakaanza kushuka wavuke lami, na magari yakawaua. Wengine waliozoea kushika kamba yoyote inayoning'inia walishika nyaya za umeme. Shirika lililoanzishwa mwaka 1997 kuwatetea, ambalo mwanzoni liliitwa Wakuluzu na leo ni Colobus Conservation, likaanza kutundika ngazi za kamba juu ya barabara, kutoka mti hadi mti. Ukipita Diani leo utaziona zimelala hewani, na ukibahatika utamwona mbega akivuka juu ya tuktuk yako kama hakujui.

Mimi kila nikizitazama ngazi zile naona bugu la kutengenezwa na binadamu, lenye gharama ya ununuzi, la kutundikwa na kukaguliwa, likifanya kazi ambayo mabugu yalikuwa yakiifanya bure. Bure kwa mbega, nataka kusema. Mti ulikuwa ukilipa.

Hapo ndipo fikra yangu ilipogeuka. Tunapomhukumu anayeegemea, swali letu ni moja: je, anamrudishia aliyemwegemea? Tukikuta hapana, tunamwita kupe. Lakini msitu hauendeshwi kwa swali hilo. Mti hulipa, mbungo hupokea, na mbega, ambaye hakuwamo katika mkataba, ndiye anayevuka. Deni halirudi lilikotoka. Linakwenda mbele, kwa mtu wa tatu.

Ulaya nako walikuwa na hesabu ya wawili tu. Katika misitu inayofurika maji kwenye mabonde ya mito Rhine na Danube kulikuwa na mzabibu wa mwitu, ndugu wa mzabibu wa shambani, ukipanda miti mpaka juu kama mbungo wetu. Wenye misitu wakaukata kwa kuwa waharibu mbao, mito nayo ikanyooshwa, mafuriko yakakoma. Leo mzabibu huo umebaki kwa kuhesabika, na wanasayansi wanauhifadhi kwa gharama kubwa kwa sababu wakulima wa zabibu huenda wakaihitaji damu yake. Wazee wa kaya hawakuingia katika mahesabu hayo kabisa. Ukienda Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, utafungwa kaniki kiunoni na kuambiwa usitoke na kitu, hata jani. Marufuku hiyo haiulizi kama jani ni la mti au la bugu linaloubana mti. Nimewahi kuona huo ni uvivu wa kufikiri. Siku hizi naona ni kukataa kazi ya hakimu, na kazi ya hakimu si kila mtu aiweze.

Kwa sababu kuna siku kazi hiyo ilichukuliwa na watu wasiostahili. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na siku zilizofuata watu wa bara waliokuwa wakiishi Likoni na sehemu za Kwale waliwindwa majumbani mwao. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Wavamizi walikula kiapo na kujificha kwenye msitu wa Kaya Bombo, msitu ambao sheria yake ni kutokata hata kamba. Nilikuwa kidato cha pili. Nakumbuka maneno yaliyotangulia mapanga, na yalikuwa maneno ya mimea na wadudu: wageni wametufunika, wanatunyonya, wameota kama magugu. Jirani yetu mmoja mwenye duka la nafaka alifunga usiku, akapakia watoto, akaenda. Duka lile lilikuwa likitukopesha unga. Waliobaki na njaa mwezi uliofuata tulikuwa sisi wenyeji tuliosemekana kunyonywa.

Sisemi kwamba malalamiko ya ardhi ya watu wa Kwale yalikuwa ya uongo. Yalikuwa ya kweli, na mengine bado. Nasema neno "kunyonya" lilikuwa tayari limeshatoa hukumu kabla ya mtu yeyote kuuliza nani amepanda juu ya nani. Na kihistoria, ukitaka kujua nani alinyonywa, uliza mabugu yenyewe. Mpira wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kongo haukutoka kwenye mashamba. Ulitoka kwenye mabugu ya jamii ya mtoria, yale ambayo watoto hula vitoria vyake. Mmoja wapo umepewa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza kule Unguja: Landolphia kirkii. Tairi la baiskeli la Dunlop lilipokuja mwaka 1888, dunia ikawa na kiu ya utomvu. Katika Kongo ya Mfalme Leopold, hadi mwaka 1908, wanakijiji walipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta, na waliposhindwa kukatwa kwa mikono kukawa adhabu. Wengine, ili kukifikia kiasi, waliyakata mabugu kabisa badala ya kuyagema, yakafa, kisha wakalazimika kwenda mbali zaidi msituni. Mti uliobeba bugu ulikuwa salama. Kiu ilitoka ng'ambo.

Nirudi nyumbani, maana huko kwingine ni rahisi kuwa na msimamo.

Sisi Wadigo zamani mtu alirithi kwa mjomba wake, si kwa babake. Uislamu ulileta utaratibu wa baba na watoto, na taratibu hizo mbili zimegombana katika mashamba yetu miaka mingi. Kesi baina ya watoto na wapwa si hadithi ngeni Kwale. Nataka tu ujue kwamba kwa mila ile, mtoto wa dada kumwegemea mjomba hakukuwa aibu. Ndivyo ukoo ulivyosimama. Mamangu alipofiwa na mume, mjomba alinichukua. Alinisomesha kwa nazi. Kila muhula alikuwa akipakia nazi kwenye lori la kwenda Kongowea, na karo yangu ilitoka kwenye pesa zile.

Nilipopata kazi Mombasa, mshahara wa kwanza nikamletea bahasha. Aliifungua, akahesabu, akairudisha ikiwa na noti moja pungufu.

"Hii nimenunulia tumbaku. Hizo nyingine zako."

"Mjomba, ni za karo yako."

"Mie sikukukopesha, mwanangu. Kama nilikukopesha, iko wapi hati?"

Kwa muda mrefu nimesimulia kisa hicho kama kisa cha ukarimu, na wasikilizaji hupendezwa. Kina sehemu yake ya pili ambayo haipendezi. Mwaka nilioingia kidato cha kwanza, 1996, binti yake alikuwa amemaliza darasa la nane pamoja nami. Alama zake zilinizidi. Nazi zilikuwa za mtoto mmoja. Mimi mvulana, na mimi yatima. Yeye alikaa nyumbani, akaolewa mapema.

Chini ya bugu, msomaji, huwa kuna miche. Watu wanapotazama juu kuhesabu hasara ya mti mkubwa, hawainami kuona kilicho chini: miche iliyokosa jua, imedumaa, ina umri wa miaka kumi na kimo cha goti. Mti mkubwa unaweza kulibeba bugu na bado ukaishi. Anayelipa zaidi huenda ni yule mdogo ambaye hakubeba chochote, aliyesimama tu upande wa kivuli.

Huyo binti ndiye anayeitwa kirukia leo.

Katika kikao kile sikuyasema haya kwa mpangilio huu. Nilisema kifupi kwamba mimi nitaendelea na karo ya mtoto wake mkubwa aliye sekondari, na kwamba kwangu mimi hiyo si sadaka. Mjomba alikuwa ameketi pembeni, anatazama miguu yake. Dada akanijibu, na sitaki kumfanya mtu mbaya wa kisa hiki kwa sababu hoja yake ni nzito: "Sawa. Basi lipa wewe. Mimi nina watoto wanne na mshahara wa chekechea. Deni lako lisinifunge kamba mimi." Naye hapo alikuwa akisema kile nilichokisema mimi juu ya mti unaoanguka na kuburuta majirani. Anayejitolea kubeba huwa nadra kubeba peke yake. Mke wangu pia anabeba, na katika kikao hakuwepo.

Kuna anayeweza kunambia kwamba mfano wa mimea hauwezi kuamua mambo ya watu, kwa sababu mbungo hauchagui na mtu huchagua. Kweli. Lakini angalia ni nini hasa kinachochaguliwa. Wanaochunguza misitu wanajua kwamba mabugu huzidi pale msitu ulipofunguliwa: mti mkubwa ukiangushwa, mwanga ukiingia, barabara ikipita, ukingoni mabugu yanasongamana mpaka huwezi kupenya. Mtu akiona fujo ile husema mabugu yameua msitu. Mara nyingi msitu uliuawa kwanza. Kwale nako: kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, mapigano yalipowafukuza watalii mwaka 1997, na korona ilipofunga hoteli mwaka 2020, kila mara idadi ya watu wanaoegemea jamaa zao iliongezeka kwa mkupuo. Hawakugeuka wavivu wote kwa mwezi mmoja. Mihimili iliyokuwa imewabeba ilianguka, wakashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni sisi wenye mshahara.

Hilo halimpi mtegemezi ruhusa ya kila kitu. Kuna virukia wa kweli katika koo zetu, nami nina mmoja namjua: mzima wa afya, anaomba nauli ya kwenda kwenye usaili usiokuwepo. Namkatia bila kukosa usingizi. Kipimo ninachotumia, kwa kadiri ninavyoweza kukieleza, hakimo kwenye methali zile mbili. Siulizi "atanirudishia?" wala "anategemea mpaka lini?" Nauliza kama mzizi wake uko ardhini, yaani anapika chake hata kama ni kidogo. Kisha nauliza anayevuka juu yake ni nani. Binamu yangu huamka saa kumi alfajiri kumenya mihogo. Juu yake wanavuka watoto watatu. Nikimkata yeye, siuongezei mti wangu kitu kikubwa. Nawaangusha wao barabarani.

Mbambakofi haujauzwa. Si kwa sababu ya falsafa yoyote. Mnunuzi na mjomba hawakukubaliana bei.

Nilipomweleza binamu yangu fikra hizi, nilitarajia angalau atasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akigeuza viazi kwenye karai, moshi unamwingia machoni. Alinikatiza nilipofika kwenye deni.

"Wee, usiniite deni. Kwani mie ni Sacco?"

Nikamwambia sikumaanisha hivyo.

"Wajua nataka nini? Sitaki kulipwa ya mwaka huo, imekwisha. Babangu alifanya alivyoona. Mie nataka kibanda pale stendi ya Kombani, chenye paa, nisifukuzwe na mvua kila masika. Na karai kubwa kuliko hili. Karo ya mtoto nitaichukua mwenyewe muhula wa tatu, nikianza sasa."

Nilimuuliza ni pesa ngapi. Alikuwa nayo hesabu, imeandikwa nyuma ya daftari la mwanawe: mabati, misumari, karai, gunia moja la viazi la kuanzia, na fundi. Jumla shilingi 18,500. Nikamwambia nina 12,000. Akasema fundi anaweza kungoja, lakini mabati hayangoji, yanapanda bei kila mwezi.